Jibu Tulilolifanyia Mazoezi

Mbarara, 11 Machi 2024

Mpendwa Baba mdogo Anatole,

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta umeketi, maana kizunguzungu chako hakimwogopi hata mwalimu mstaafu. Msalimie Mama mdogo Nabintu. Mwambie kwamba mahindi aliyonitumia yalifika salama, yakaliwa na hosteli nzima kabla sijayaonja, na sasa ninasifiwa kwa ukarimu ambao si wangu. Masomo yanaendelea. Juma lililopita nilisimama mbele ya baraza la wanafunzi nikalaani bei ya chakula cha bwenini, wakanipigia makofi, na bei ikabaki palepale.

Ninakuandikia kwenye karatasi kama ulivyonifundisha, kwa sababu simu yako ilipasuka siku uliyoanguka kutoka juu ya paa la kanisa, na simu ya Mama mdogo nikiipiga, anasema, "Yuko muzuri," kisha anakata. Ujumbe mfupi nao ni mfupi mno kwa hasira zangu. Venuste, dereva wa gari la Rwekubo, ameahidi kuwa tarishi wetu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Siku tisa nilikaa kando ya kitanda chako hapa Mbarara. Nililiona sikio lako la kulia likitoa damu, kisha likitoa maji maangavu. Nilimwona daktari akiinua picha ya kichwa chako kwenye mwanga na kuufuata kwa kidole ufa uliopita katika mfupa ulio nyuma ya sikio. Alisema nini? Alisema tungoje. Damu iliyoganda nyuma ya kiwambo cha sikio, alisema, huweza kuchukua majuma sita, hata miezi mitatu, kukauka.

Tungoje! Nani aliyeandika kwamba mkimbizi ndiye mngojaji wa dunia? Tumengoja unga, tumengoja kiwanja, tumengoja jina letu libandikwe ukutani. Leo tunaambiwa tungoje na sauti. Sikio lako la kushoto ulinyang'anywa kwetu Kongo, kule Mwenga, kwa kitako cha bunduki, kabla mimi sijazaliwa. Hili la kulia ndilo lililobaki, na kwa hilo ulinilea. Sitalitoa kimyakimya.

Usitie chochote ndani yake: si mafuta ya moto, si maji ya kitunguu ya jirani yeyote, hata akija na Biblia mkononi. Nami naomba jibu la swali moja tu: unasikia nini?

Mtoto wako,
Pascaline


Nakivale, 2 Aprili 2024

Mutoto wangu Pascaline,

Nakusalimia mingi katika jina la Bwana. Sisi hapa tuko wazima. Maharagi ya chini, kule karibu na maji, imeota. Ya juu imeliwa na mbuzi ya mutu ambaye sitamutaja, juu anakuja kwangu kila Pasaka. Mama mudogo wako anakusalimia. Anasema ninasalimia batu kwa kelele, sawa niko ng'ambo ya ziwa na beko ng'ambo ingine. Juzi nilimwambia siri ya pasta ku masikio, kanisa lote likageuka.

Umeandika Kiswahili kikali, kile cha kitabu. Niliposoma "tarishi" nilifurahi. Venuste hajafurahi, anadhani ni tusi.

Unajua kazi yangu hapa kijijini ni kupatanisha bajirani. Nilidhani itakwisha. Haikukwisha. Sasa kila mutu mwenye mugomvi anapewa karatasi aandike, na ninakuambia ukweli, mutu akianza kuandika hasira yake, anafika musitari wa tatu anaanza kuona haya. Wiki iliyopita mwanamume alianza na "Huyu mwizi" na akamaliza na "tulikuwa barafiki". Nilisoma, nikatikisa kichwa, bakashikana mikono. Kumbe miaka yote hii masikio yangu ndiyo ilikuwa inachelewesha kesi!

Kizunguzungu kimepungua. Ninashika ukuta asubuhi tu.

Unauliza ninasikia nini. Ku sikio kuna mwendo. Kuna kitu sawa mvua ya mbali inapiga mabati. Mvua ya mbali huwa inakaribia, ao si vile? Usipoteze masomo juu ya sikio la muzee. Kula.

Baba yako mudogo,
Anatole


Mbarara, 21 Aprili 2024

Mpendwa Baba mdogo,

Shikamoo, na asante kwa barua iliyonichekesha katikati ya ukumbi wa kusomea hadi nikatolewa nje. Mpe Mama mdogo pole ya maharagwe. Mwambie mbuzi ana haki zake, lakini hana haki zote.

Nakuletea habari ambayo haingoji. Mwezi wa Juni watakuja hapa Mbarara madaktari wa masikio kutoka nje, kwa siku tano tu. Kuna upasuaji wanaoufanya: ndani ya sikio, nyuma ya kiwambo, mna vifupa vitatu vidogo kama punje za mtama, na kazi yao ni kupokezana sauti. Kichwa kikipigwa, vifupa hivyo huweza kuachana. Madaktari hawa huvirudisha mahali pake, na mtu akasikia tena. Jina lako nimeliandikisha.

Lakini kuna mlango, na mlangoni kuna bawabu. Wanawapokea wale tu ambao mshipa wao wa kusikia, ulio ndani zaidi, bado u hai. Mshipa ukifa, hakuna kisu duniani kinachoufufua. Watajuaje? Rafiki yangu Parfait, anayesomea udaktari, amenieleza. Watachukua uma wa chuma wenye meno mawili, wataupiga upate kulia, kisha watausimamisha kwenye mfupa nyuma ya sikio. Aliye na mshipa hai huisikia sauti kupitia mfupa, hata kama sikio limeziba. Watakuuliza kwa maandishi: "Unasikia sauti?" Anayesikia huinua mkono. Asiyeinua, hurudi nyumbani.

Mtihani gani huu, ambao mtahiniwa haambiwi una nini ndani yake? Kwa nini siku zote wenye faili wajue swali, na sisi tujue benchi tu? Kumbuka mahojiano yetu ya kuhamia ng'ambo, mimi nikiwa na miaka kumi na miwili. Majirani wote walikuwa wamefanyiana mazoezi majumbani: tarehe, majina ya vijiji, nani alikufa kwanza. Wewe peke yako ulikataa, ukasema ukweli hauhitaji mazoezi. Ulipoulizwa tarehe tuliyovuka mpaka ulijibu, "Sikumbuki." Faili letu likafungwa kwa neno hilo moja.

Sikufundishi uongo, Baba mdogo. Ninakukabidhi swali kabla hujaulizwa. Utakalofanya nalo ni lako.

Picha ya kichwa chako ninayo mimi, chini ya godoro. Nitakuja nayo.

Mtoto wako,
Pascaline


Nakivale, 6 Mei 2024

Mutoto wangu,

Salamu mingi. Mvua imekatika mapema, lakini muhogo haujali. Mama mudogo wako alikuwa na homa siku tatu, alipelekwa ku kliniki ya Base Camp, hapa hapa kambini, sasa amepona na amerudi ku kazi yake ya kunisema. Ananisema kwa mikono, na mikono yake ina matusi kuliko mudomo.

Barua yako nilisoma mara ine. Nilimusomea na yeye. Alisema, "Safari hii utafanya mazoezi." Basi kila jioni mbele ya chakula ananikalisha ku kiti, anapiga uma ku sufuria, ananisimamishia nyuma ya sikio. Nikichelewa kuinua mukono, ananipiga nayo ku bega. Bajirani banapita ku mulango banatuangalia. Mumoja ameandika ku karatasi, "Mwalimu, hii ni dawa ao ni adhabu?"

Mazoezi inaenda muzuri. Nitainua mukono.

Ile siku ya mahojiano niliifikiri mingi. Umesema kweli. Mutu mwenye faili usimwambie hata siku moja "sikumbuki", wala "sijui". Uliteseka miaka juu ya neno langu. Halitarudia.

Tutafika na Venuste siku ya kwanza ya bale baganga ba masikio.

Anatole


Mbarara, 24 Juni 2024

Mpendwa Baba mdogo,

Natumaini mlifika salama na bandeji haikuloa. Salamu kwa Mama mdogo. Mitihani nimemaliza, na sitaki kuizungumzia.

Ulikuwapo siku ile; lakini uliyoyaona hayakuwa na sauti, kwa hiyo ni haki yako kupewa kumbukumbu ya yaliyosemwa. Naiandika.

Daktari aliuliza: "Picha ya kichwa iko wapi?" Nikajibu kwamba ilipotea njiani. Akasikitika. Akasema mashine yao ya kupimia masikio nayo ilikuwa bado imezuiwa uwanja wa ndege, kwa hiyo angetegemea uma na mikono yake. Akakuandikia swali. Ukainua mkono. Akatabasamu, akasema kwa Kiingereza kwamba mzee huyu anasikia vizuri kupitia mfupa, na kwamba kuna matumaini.

Yule mwanamke aliyeketi karibu nawe benchini, mwenye kitenge cha rangi ya chungwa, ni Pulchérie, Mrundi, muuza nyanya wa soko la Base Camp. Alianguka kutoka kwenye lori la mizigo mwaka jana, na sikio moja likaziba. Nafasi za siku zote tano zilikuwa zimejaa, ikabaki moja. Daktari alimwambia kupitia mkalimani: "Mama, wewe una sikio jingine. Huyu hana." Pulchérie akajibu: "Ni kweli. Mpe mzee." Tukamshukuru.

Upasuaji ulichukua saa mbili. Daktari alitoka akasema tungoje bandeji itolewe. Haya ndiyo yaliyosemwa.

Pumzika. Usifikiri sana.

Pascaline


Nakivale, 17 Julai 2024

Mutoto wangu Pascaline,

Tunakusalimia wote. Mahindi imekauka, tunapukucha. Barua yako ilikuwa fupi, na haikumupigia mutu kelele hata mumoja. Nikajua.

Bandeji ilitolewa Ijumaa iliyopita. Mama mudogo wako alisimama nyuma yangu akapiga ile sufuria. Nilijua anapiga juu niliona kuku zinakimbia. Alipiga mingi. Alipokuja mbele yangu uso wake ulikuwa umelowa, na sufuria imebonyea.

Sasa nikuandikie kitu ambacho nilipashwa kukuandikia tangu Aprili. Tangu ile siku nilianguka, sijasikia kitu. Hata kidogo. Ile mvua ya mbali ni kichwa chenyewe kinafanya kelele yake, haitoki inje. Uma ya Mama mudogo wako haikulia siku hata moja ya yale mazoezi. Mufupa ulitetemeka tu, sawa ukigusa jiwe la kusagia. Na ya munganga ilikuwa vile vile. Niliona anaipiga ku goti yake, nikainua mukono, nayo haijafika ku kichwa. Yeye alikuwa anaangalia chuma. Wewe ulikuwa unaniangalia mimi. Uliona.

Utauliza kwa nini. Nilitaka kukataa. Nilikuwa na lile neno "sijui" ndani ya mudomo. Lakini ulikuwa umesimama pale na uso wa mutoto anayengoja matokeo ya mutihani. Ulikuwa umepigana mingi, umeandika mingi. Niliona haya kuwa mimi ndiye nitakayekuambia kwamba vita imekwisha tangu Februari.

Nisamehe. Nilikudanganya wewe, na nilidanganya munganga aliyenitabasamia.

Anatole


Mbarara, 30 Julai 2024

Baba mdogo,

Salamu nitazitafuta mwishoni, nikizipata.

Uniombe msamaha wewe? Soma kwanza.

Picha haikupotea. Ilikuwa chini ya godoro langu asubuhi ile, na bado ipo. Niliiacha kwa makusudi. Siku ya nne ya wewe kulazwa, daktari wa hapa alinionyesha kwa kidole chake mahali ufa ulipopita: haukupita pembeni, kwenye vile vifupa, bali katikati ya ile nyumba ndogo iliyojikunja kama konokono, ambamo mshipa wa kusikia huanzia. Alisema: "Hili halirudi." Nikamwomba asikuambie. Nikamwambia ni mila yetu, kwamba habari nzito huletwa na mtu wa nyumbani. Akakubali, na mtu wa nyumbani hakuileta. Maneno ya kungoja miezi mitatu niliyachukua kwenye kitanda cha jirani. Aliyeambiwa ni mgonjwa mwingine.

Nilijiambia kwamba daktari mmoja hawezi kuwa hukumu ya mwisho. Nilijiambia kwamba picha husomwa vibaya, kwamba maskini husomwa haraka. Nilikuwa na hoja nzuri, Baba mdogo. Nina hoja nzuri kwa kila jambo. Kisha nikaona mkono wako ukipanda kabla ya uma kukugusa, na nilijua, na nilikuwa na nusu dakika ya kusema, mimi ambaye hunyamazishwa na wasimamizi wa mijadala. Sikusema. Nilifikiri: kama yeye ana hakika kiasi hiki, huenda kuna kitu anakisikia.

Ile kumbukumbu niliyokuandikia niliihariri. Daktari alipotoka chumba cha upasuaji alisema hivi: "Vifupa vyote vitatu viko mahali pake. Hapakuwa na kitu cha kutengeneza. Sielewi." Alisema "Sielewi" mara mbili. Alikuwa amechoka, na nilimwacha aende akiwa haelewi.

Na Pulchérie hakusema "Mpe mzee." Alifungua bahasha yake akasema: "Mimi picha yangu nimeileta. Kutoka Base Camp hadi hapa nimeipakata ili isikunjike." Parfait ameniambia kwamba daktari alikuwa ameshaitazama, na kwamba vifupa vyake ndivyo vilivyoachana. Vyake vilikuwa vya kutengenezwa.

Madaktari wameondoka. Niliuliza watarudi lini. Hakuna ajuaye kama watarudi. Nimeandika barua ya kurasa tano, nikaichana. Nikaandika ya ukurasa mmoja nikisema tulichofanya, nikatia jina langu, nikaituma kwenye anwani iliyokuwa kwenye tangazo lao. Haijajibiwa. Sina baraza la kulihutubia kuhusu jambo hili. Sina wa kumlaani.

Salamu sikuzipata.

Pascaline


Nakivale, 2 Septemba 2024

Mutoto wangu Pascaline,

Nakusalimia, juu mutu asalimiwe hata siku anayokosa salamu zake. Maharagi ya pili imepandwa. Mbuzi ya jirani imezaa mapacha, sasa tuna maadui batatu. Mama mudogo wako yuko, anatembea, anapika. Hasemi mingi hata kwa mikono.

Barua yako niliificha siku tatu, kisha nilimupa aisome. Alisoma amesimama. Ya kwako na ya kwangu, alituweka pamoja: aliandika nyuma ya bahasha, "Nyinyi babili muna uongo wa damu moja." Sikukasirika. Hata wewe usikasirike. Mutu akimudanganya mwenzake juu anamupenda, hakuna wa kufunga. Lakini mutu wa tatu alikuwa amekaa pale ku benchi na picha yake.

Basi siku ya soko nilivaa koti, tukaenda kwa Pulchérie, Mama mudogo wako na mimi. Alikuwa anapanga nyanya, kubwa upande huu, ndogo upande huu. Anageuza kichwa akitaka kusikia muteja, nilijionea. Nilimusalimia. Nikamwambia: mama, siku ile sikusikia ile chuma, niliinua mukono, ile nafasi ilikuwa yako, na mutoto wangu alificha picha. Nilidhani ninasema pole pole. Kumbe, sawa kawaida yangu, nilikuwa ninapiga kelele: niliona soko lote limesimama, hata bale ba upande wa nguo.

Aliacha nyanya. Aliniangalia. Akaanza kusema. Nikamwambia, mama, sisikii, uandike, nikamupa karatasi na kalamu, sawa ninavyopatia bote banaogombana. Hakuipokea. Aliendelea kusema, Pascaline. Alisema mingi. Hakurusha mikono, hakutoa machozi. Mudomo wake ulienda bila haraka, sawa mutu anayesoma. Batu balikuwa banaangalia chini. Mwishoni aliokota nyanya, akaendelea kupanga.

Njiani nilimwomba Mama mudogo wako aniandikie alichosema. Nyumbani nilimuwekea karatasi ku meza. Alishika kalamu, akaandika "Alisema", akaiweka chini. Leo ni siku ya kumi na moja. Kila asubuhi ninaweka karatasi. Kila jioni iko na lile neno moja. Niliuliza jirani, akajifanya hajui kuandika, na ni mimi nilimufundisha. Hata batoto ba soko balisikia. Mu kambi yote, mimi peke yangu ndiye sijui nilijibiwa nini.

Ukifika likizo ya Desemba, uende kwake mwenyewe. Usihutubie. Umuulize, ukae hata kama inachukua siku nzima. Halafu uniandikie.

Usipunguze hata neno moja.

Baba yako mudogo,
Anatole